Ruzuku za kuchunguza wawekezaji wa nje Kanda ya Ziwa: naanzia wapi na andiko linakaaje?

MtoMirongo

Wakuu habari zenu.

Ni mwandishi wa kujitegemea hapa Mwanza, nina gazeti na redio ninazoziandikia. Nataka kuomba ruzuku ya habari ya uchunguzi kuhusu uwekezaji wa kigeni ukanda huu wa ziwa: nani kaja, kaleta nini, wenyeji wamebaki na nini. Nina mada tatu mkononi. Mgodi wa Nyanzaga kule Sengerema, daraja la Kigongo–Busisi lililojengwa na Wachina, na mabondo ya sangara (vibofu vya hewa vya samaki, hukaushwa) yanayokwenda Hong Kong. Mhariri anasema nafasi ipo, ila nauli hana.

Naomba kujua ipi kati ya hizo inauzika kwa mfadhili, wafadhili gani wanapokea mtu asiye na taasisi nyuma yake, andiko linakaaje, na bajeti ya safari inapangwaje isionekane ya kubuni. Na je, habari ikitoka kwa Kiswahili tu wanakubali?

Nawasilisha.

Kalamu_Igogo

Mkuu, kabla ya wafadhili tusafishe mada, maana maandiko mengi hufia hapo.

Daraja litoe. Mwekezaji ni yule anayeleta mtaji wake, anamiliki hisa, anavuna faida au anakula hasara. Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3, lililozinduliwa 19 Juni 2025, limelipiwa na Serikali ya Tanzania. China Civil Engineering Construction Corporation na China Railway 15th Bureau Group walikuwa makandarasi: walijenga, wakalipwa, wakakabidhi. Reli ya SGR Mwanza–Isaka, kilomita 341, iko kundi hilohilo. Habari zipo humo (vibarua waliajiriwa kwa mikataba gani, makandarasi wazawa walipata sehemu ipi ya kazi, kokoto zilitoka wapi), lakini hizo ni habari za manunuzi ya umma na nyaraka zake ziko TANROADS, PPRA (mamlaka ya manunuzi ya umma) na kwenye ripoti za CAG. Ukiandika "uwekezaji wa China" juu ya daraja ambalo China hailimiliki, msomaji wa kwanza kwa mfadhili ataliweka andiko lako pembeni kabla hajafika ukurasa wa pili.

Nyanzaga ni uwekezaji kamili. Kampuni ya hapa inaitwa Sotta Mining Corporation: Serikali ina hisa zisizofifishwa (hazipungui hata mtaji ukiongezwa) na sehemu kubwa iliyobaki ni ya Perseus Mining ya Australia, iliyoinunua OreCorp, mwenye mradi wa awali, mwaka 2024. Aprili 2025 Perseus ilitangaza uamuzi wa kujenga kwa dola milioni 523 na kutaja robo ya kwanza ya 2027 kuwa muda wa dhahabu ya kwanza. Maana yake kwako ni hii: usiende kuuliza mrabaha (malipo kwa Serikali kwa madini yaliyochimbwa) wa mgodi ambao haujatoa dhahabu. Kwa hatua hii unauliza fidia, ajira za ujenzi, na manunuzi yanayotakiwa kupewa Watanzania chini ya kanuni za 2018.

Sasa kwenye fidia. "Wananchi walalamikia fidia ndogo" si uchunguzi, hiyo ni habari ya mkutano wa hadhara. Mfadhili anataka swali lenye jibu la ndiyo au hapana ambalo karatasi inaweza kulijibu. Mfano: je, waliopisha eneo walilipwa ndani ya muda wa sheria, na kama kuna waliochelewa, walilipwa riba? Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 inasema fidia ilipwe ndani ya miezi 6 tangu Mthamini Mkuu aidhinishe jedwali la uthamini. Ikizidi hapo riba inaanza kuhesabiwa, na ikifika miaka 2 uthamini wenyewe umekwisha nguvu, unarudiwa. Wengi hukosea tarehe ya kuanzia. Wanahesabu tangu siku mthamini alipokuja kuhesabu miembe na vyumba, kumbe saa ya sheria inaanza siku ya saini ya Mthamini Mkuu, ambayo inaweza kuwa miezi kadhaa baadaye. Ukichapisha kwa tarehe isiyo sahihi, mwanasheria wa kampuni anakumaliza kwa barua ya aya moja.

Kwa hiyo kwa kila kaya unataka tarehe tatu: ya kuhesabiwa mali, ya idhini, ya fedha kuingia benki. Ya kwanza iko kwenye fomu ya uthamini aliyoachiwa mwananchi, ya tatu iko kwenye taarifa yake ya benki. Ya katikati iko halmashauri na wizarani, na ndiyo itakayokusumbua. Kisha angalia mistari ya fomu: ardhi, majengo, mazao, halafu posho za usumbufu, usafiri, makazi ya muda na faida iliyopotea. Posho ya makazi inakokotolewa kwa miezi 36 ya kodi ya nyumba. Kuna watu hawajui hata kwamba mstari huo upo. Kaya 25 zenye karatasi kamili zina nguvu kuliko 200 za mdomo.

Mgodi ambao tayari unazalisha, kama wa Geita wa AngloGold Ashanti ulioanza mwaka 2000, una mlango mwingine: ushuru wa huduma. Halmashauri hutoza asilimia ndogo ya mauzo ghafi, kwa miaka mingi imekuwa 0.3 (hakikisha Sheria ya Fedha ya mwaka unaoufuatilia). Tuseme halmashauri fulani imeandika kupokea Sh milioni 900. Gawa kwa 0.003, unapata mauzo ya Sh bilioni 300. Linganisha na mauzo ambayo kampuni mama imewaambia wanahisa wake, baada ya kubadilisha dola kwa wastani wa mwaka husika. Zikipishana, bado hujashika mtu. Kwanza uliza kama malipo yamegawanywa kwa halmashauri mbili, au yameangukia mwaka mwingine wa fedha. Halmashauri inafunga Juni, kampuni nyingi zinafunga Desemba.

Taarifa za kampuni ni bure mtandaoni: soko la Australia kwa Perseus, SEDAR+ ya Kanada kwa Barrick, EDGAR ya Marekani kwa AngloGold, ambayo tangu 2023 soko lake kuu ni New York. Kampuni za madini zilizoorodheshwa Kanada zinabanwa pia na sheria iliyoanza 2015 kutangaza malipo kwa serikali yanayofika dola 100,000 za Kanada kwa kila aina ya malipo, na aliyelipwa anatajwa. Weka karatasi hiyo mezani pamoja na ripoti ya TEITI (taasisi ya uwazi wa malipo ya madini, mafuta na gesi) ya mwaka huohuo, usiku mmoja unakutosha kujua kama una habari.

SangaraMkavu

Naongeza upande wa mabondo. Hii ndiyo mada yenye data rahisi kupata na ngumu kusoma.

Kwenye takwimu za forodha za Umoja wa Mataifa (Comtrade, bure) mabondo makavu yamo ndani ya msimbo 0305.72, pamoja na vichwa na mikia ya samaki. Minofu ya sangara ina misimbo yake: 0304.33 kwa ya baridi isiyogandishwa, 0304.63 kwa iliyogandishwa. Chukua mauzo ya Tanzania kwenda Hong Kong kwa 0305.72, kisha geuza: chukua kile ambacho Hong Kong inasema imepokea kutoka Tanzania. Linganisha kilo, usilinganishe dola, kwa sababu anayeuza huandika bei bila usafiri na anayepokea huandika bei yenye usafiri na bima.

Tofauti utaiona. Usikimbilie kuandika magendo. Mzigo ulioondoka Desemba unapokelewa Januari. Mzigo wa Mwanza uliopitia Kampala au Nairobi kwetu unaandikwa umekwenda Uganda au Kenya, kule mwisho unaweza kuandikwa kwa nchi ya asili. Na kuna mabondo yanayotoka kwa jina la samaki mkavu wa kawaida. Ukiondoa hayo yote, kwa miaka isiyopungua mitano mfululizo, kinachobaki ndicho cha kuuliza. Mwaka mmoja pekee hautoshi.

Ila mkuu, swali tamu zaidi liko mwaloni (pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa), si forodhani. Mvuvi anauza sangara mzima kwa kilo. Kiwandani samaki anapasuliwa: minofu njia yake, panki (mifupa na kichwa vinavyobaki) njia yake, bondo linavutwa, linaoshwa damu, linapangwa kwa gramu, na bondo kubwa bei yake ya kilo haifanani kabisa na ya bondo dogo. Je, bei ya kilo aliyolipwa mvuvi imehesabu bondo, au bondo ni nyongeza ya kiwanda? Kusanya bei ya mwaloni ya siku hiyohiyo kwa madaraja ya uzito wa samaki, na bei ya bondo kwa madaraja ya gramu, kwa wiki sita hivi. Jedwali la namna hiyo hata Comtrade hawana.

Halafu thibitisha ugeni wa mwekezaji. Kiwanda kuwa na meneja Mhindi au Mgiriki si ushahidi wa kitu. Fanya upekuzi BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, upate wanahisa na wakurugenzi. Mwanahisa akiwa kampuni ya nje, fuata usajili wa huko (Uingereza ni bure kabisa). Daftari la wamiliki manufaa (watu halisi wanaofaidika nyuma ya majina ya kampuni) lipo BRELA, lakini raia hafunguliwi tu akasoma. Orodha ya viwanda vyetu vinavyoruhusiwa kuuza samaki Ulaya nayo iko wazi kwenye tovuti ya Umoja wa Ulaya, kila kiwanda na namba yake, na ni njia ya haraka ya kujua nani bado yuko kazini.

DadaWaKirumba

Kuhusu wafadhili. Msitume andiko moja kwa wote, kila mmoja ana mlango wake.

Africa-China Reporting Project ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, ipo tangu 2009 na inafadhili habari zenye uhusiano wa Afrika na China. Mabondo yanaingia hapo. Nyanzaga haiingii, mwekezaji ni wa Australia. InfoNile ya Uganda inashughulika na maji na mazingira ya bonde la Nile kwa waandishi wa nchi za bonde, na wanapenda data na ramani. Ziwa letu ndiyo kazi yao. Earth Journalism Network hutangaza ruzuku za mazingira kwa awamu, kila awamu na mada yake, kwa hiyo soma tangazo la sasa, si la mwaka jana.

Pulitzer Center ya Washington hupokea maombi ya waandishi wa kujitegemea kutoka nchi yoyote. Maelezo ya mradi hayazidi maneno 250. Wanataka pia makadirio ya bajeti, mpango wa wapi habari itatoka, kazi zako tatu za nyuma na wadhamini watatu. Maneno 250 ni machache kweli. Ukitumia 100 kueleza kwamba Ziwa Victoria ni kubwa na wananchi ni maskini, umebaki na nafasi ya salamu.

Journalismfund Europe inahitaji timu yenye waandishi wa Ulaya, kwa hiyo peke yako hupiti. Lakini kuna mada hapa kwetu inayowafaa: bomba la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, linalopita Kagera na Geita. TotalEnergies ya Ufaransa ina asilimia 62, na Ufaransa tangu 2017 ina sheria inayozitaka kampuni kubwa kuzuia madhara ya miradi yao hata nje ya nchi. Mwandishi wa Paris anahitaji mtu wa Missenyi kuliko wewe unavyomhitaji yeye, kumbuka hilo mnapogawana bajeti. Usikubali kuandikwa "msaidizi wa eneo" kama nusu ya ushahidi ni wako. Jina juu ya habari na haki ya kuitoa kwa Kiswahili viwe kwenye makubaliano ya maandishi kabla ya kuomba.

Fund for Investigative Journalism ya Marekani hutoa hadi dola 10,000 lakini inataka mguu wa Marekani ulio imara: raia wao, serikali yao au biashara yao. AngloGold kuuza hisa New York ni mguu mwembamba, nisingepoteza wiki mbili hapo.

Kiswahili wanakubali, mradi uwape tafsiri ya Kiingereza kwa ajili ya kuhakiki. Weka mtafsiri kwenye bajeti kwa maneno (habari ya maneno 2,500 pamoja na nukuu za mahojiano si kazi ya jioni moja). Mpango mzuri huku kwetu ni gazeti kwa maandishi, na redio ya jamii kwa kipindi, kwa sababu watu wa Sengerema na Ukerewe wanaoandikwa wanasikiliza redio.

Barua ya mhariri ndiyo inaangusha wengi. "Tunamfahamu mwandishi huyu na tunamtakia mafanikio" si ahadi. Barua itaje jina la mradi, iseme chombo kitachapisha mradi habari ikidhi viwango, kwa urefu gani na kabla ya mwezi gani, na nani atahariri. Iwe na saini, cheo na barua pepe ya ofisi. Ya Gmail inatia shaka.

Andiko lenyewe: aya ya kwanza ni swali na kwa nini sasa. Ya pili ni kile ulichonacho tayari mkononi. Hapo ndipo wanaposoma taratibu. Sema umeona fomu kumi za uthamini, au una jedwali la miaka mitano la forodha. Ya tatu ni jinsi utakavyothibitisha, na utafanya nini kama dhana yako si kweli. Ya mwisho ni hatari kwako na kwa watoa habari. Na yeyote anayekudai ada ya kuomba ruzuku ni tapeli, funga ukurasa.

MtoMirongo

Aisee nimepata shule. Daraja nimelitoa. Dada, kuna ubalozi mmoja nasikia una mfuko wa vyombo vya habari, nao vipi? Na bajeti jamani.

DadaWaKirumba

Ubalozi usiuguse kwa mada hii. Ukichunguza kampuni ya nchi A kwa pesa ya ubalozi wa nchi B ambayo kampuni zake zinagombea leseni zilezile, habari yako imekufa hata kama kila tarehe ni sahihi. Kwa mfadhili yeyote, mkataba useme wazi kwamba hasomi habari kabla haijatoka, na mwisho wa habari uandike nani amelipia. Ukiona kipengele cha "kuidhinisha maudhui", kiondolewe au uondoke.

HesabuZaZiwa

Bajeti nipeni mimi.

Kosa la kwanza ni tarakimu za mviringo. "Usafiri dola 1,000" haina maana. Andika: Mwanza–Sengerema kwenda na kurudi, safari 4, watu 2, nauli kiasi fulani, bodaboda ya kutwa vijijini, siku 12, kiasi fulani kwa siku pamoja na mafuta. Kosa la pili ni kunakili bajeti ya zamani. Bado kuna watu wanaweka tiketi ya kivuko cha Kigongo–Busisi wakati magari yanapita juu ya daraja tangu Juni 2025. Mfadhili hajui, lakini mwandishi mwenyeji anayempa ushauri anajua. Kama unapitia Kamanga sema Kamanga.

Visiwani weka siku mbili za akiba kwa kila safari. Juni hadi Agosti upepo wa kusi unachafua ziwa na mitumbwi midogo haitoki. Ukiwa umepanga siku tatu Ukerewe na moja imeliwa na upepo, umepoteza theluthi ya kazi. Jaketi la kuokolea lako mwenyewe liingie kwenye bajeti, wala si anasa.

Mstari wa malipo yako uwepo kama mfadhili anauruhusu, kwa siku za kazi, na ujumuishe siku za kusoma nyaraka. Wengi wanajilipa siku za safari tu halafu wanakaa wiki tatu na karatasi bila senti. Weka upekuzi wa BRELA, kudurufu, mwanasheria wa kusoma habari kabla ya kuchapishwa (huyo asikosekane) na dharura isiyozidi asilimia 10. Usiweke posho ya mtoa habari. Nauli ya mtu aliyetoka kijijini kuja kukutana nawe ni sawa, kwa kiasi cha nauli.

Mfadhili akilipa kwa dola, kokotoa kwa kiwango cha chini kuliko cha leo. Ndani ya mwaka 2024 peke yake shilingi ilicheza kutoka zaidi ya 2,700 kwa dola hadi chini ya 2,500. Aliyepanga kwa 2,700 alimaliza safari kwa mkopo.

Fedha mara nyingi huja kwa mafungu, la mwisho likitoka baada ya kazi kupokelewa. Kwa hiyo safari zote zipangwe ndani ya fungu la kwanza, na malipo yako ndiyo yasubiri la mwisho. Ukifanya kinyume, habari inakwama katikati.

Risiti: dukani na hotelini dai ya EFD. Bodaboda na mtumbwi hawana, tumia hati ya malipo yenye tarehe, njia, kiasi, namba ya simu na saini. Angalizo kubwa hapa: mtoa habari wa siri asisaini hati yoyote. Mpe namba, mfano N7, na ufunguo wa namba ukae mbali na mafaili ya hesabu. Kuna orodha za watoa habari zimevuja kupitia uhasibu, si kupitia simu ya mwandishi.

Mfadhili wa Marekani atakuletea fomu W-8BEN kuthibitisha wewe si mkaaji wa huko. Weka TIN yako ya TRA kwenye sehemu ya namba ya kodi ya nje, na sehemu ya mkataba wa kodi iache wazi, Tanzania na Marekani hazina mkataba huo. Usipoijaza vizuri wanaweza kukata asilimia 30. Mfadhili wa nje hakati kodi ya TRA kwa niaba yako; malipo yako unayaingiza mwenyewe kwenye ritani ya mwaka, na kwa anayefunga Desemba mwisho ni Juni 30.

Kwenye uhamisho, omba ada zote zilipwe na mtumaji. Kwenye fomu ya benki chaguo hilo huandikwa OUR. Bila hivyo benki ya katikati inajichukulia chake na unapokea pungufu ya mkataba, kisha unaulizwa zilizopungua ziko wapi.

MaabaraNyakato

Kama andiko litagusa maji ya mgodi, msibebe chupa za Uhai zilizokwisha. Metali nzito: chupa safi ya plastiki ya maabara, asidi ya nitriki hadi pH chini ya 2. Sianidi: chupa tofauti, hidroksidi ya sodiamu hadi pH juu ya 12, gizani, nyuzi 4, ipimwe ndani ya siku 14. Zebaki ina chupa yake na siku 28. Ukitia asidi kwenye chupa ya sianidi, sianidi inageuka gesi: unapoteza sampuli na unahatarisha maisha yako.

Sehemu za kuchota zisipungue tatu: juu ya mgodi, karibu, na chini yake, siku moja. Bila ile ya juu huwezi kusema uchafu umetoka wapi, kwa sababu hata wachimbaji wadogo wanatumia zebaki kwenye maeneo hayohayo. Chota mbilimbili, nusu maabara moja, nusu nyingine, na fomu ya makabidhiano isainiwe kila chupa inapobadili mikono. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza; omba ankara ya makadirio kabla, iambatishe kwenye bajeti.

Kalamu_Igogo

Nimalizie ratiba, maana watu wanaomba ruzuku ya miezi mitatu kwa kazi ya sita.

Barua za taarifa zitoke wiki ya kwanza, kabla hujapanda gari. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mmiliki wa taarifa hadi siku 30 kujibu, na haki hiyo ni ya raia, kwa hiyo barua iandikwe kwa jina lako, si la mshirika wa Ulaya. Omba karatasi yenye jina: "mpango wa mwaka wa uwajibikaji kwa jamii uliokubaliwa kati ya halmashauri na kampuni kwa mwaka fulani". Kila mwenye leseni ya madini anatakiwa kuwa na mpango huo chini ya Sheria ya Madini. Ukiomba "taarifa zote za mgodi" utapewa chai. Pata nakala yenye muhuri wa kupokelewa, ndiyo inayoanzisha siku 30.

Ardhi ya kijiji ina karatasi nzuri kuliko zote na watu wanaipita: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Kuhamisha ardhi ya kijiji isiyofika hekta 250 kunahitaji mkutano huo ukubali. Kuanzia hapo kwenda juu anaamua Waziri baada ya kupata mapendekezo ya mkutano. Angalia mahudhurio, akidi, na kama saini zimeandikwa na mkono mmoja.

Kitambulisho cha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari kiwe hai. Bodi imeanza kazi 2025 na bila kitambulisho afisa yeyote ana sababu ya kukurudisha getini. Ripoti kwa mkurugenzi wa halmashauri na kwa mtendaji wa kijiji, lakini orodha ya kaya utakazozungumza nazo usimwachie mtu. Gari la kampuni usipande, bahasha usipokee, chakula cha mchana cha mgodini lipia au ruka. Ziara ya mgodini inapangwa na mwenye mgodi, kwa hiyo iwe siku ya mwisho, ukiwa tayari na maswali ya tarehe na kiasi.

Maswali kwa kampuni yaende kwa maandishi, ofisi ya hapa na makao makuu kwa pamoja, siku 10 za kazi. Ofisi ya hapa mara nyingi inanyamaza. Makao makuu yenye wanahisa hujibu, wakati mwingine na nyaraka ambazo halmashauri ilikunyima.

MtoMirongo

Shukrani sana wakuu. Moja la mwisho: akaunti yangu ya dola ina majina mawili, pasi ya kusafiria ina matatu. Ni shida?

HesabuZaZiwa

Ni shida. Mkataba utaandikwa kwa majina ya pasi, fedha zitatumwa hivyohivyo, benki itaona hayafanani na kuzirudisha baada ya wiki mbili zikiwa zimekatwa ada ya kwenda na ya kurudi. Nenda tawini na kitambulisho cha NIDA, jaza fomu ya kurekebisha taarifa za mteja, na uombe barua ya benki yenye jina kamili, namba ya akaunti, aina ya fedha na msimbo wa SWIFT. Barua hiyo ndiyo umtumie mfadhili, usimwandikie namba kwa kuchapa mwenyewe. Fanya kabla ya kusaini mkataba, kwa sababu kubadilisha jina kwenye mkataba uliosainiwa kunarudisha faili mwanzo.